Kibaya Chajitembeza, na Chuoni Kina Wateja

Kaa kwenye kimbweta chochote saa 2 usiku, hasa umeme ukiwa umekatika na msuli umegoma, utaisikia tu. Kaka mmoja ataitoa kama mtu aliyefanya utafiti: "Wadada wa chuo hawapendi watu wema. Wanapenda wanaowatesa." Wenzake watacheka, mmoja atagonga meza, mwingine ataleta mfano wa dada fulani wa kozi fulani aliyemwacha kaka mpole, mtu wa ibada, akaenda kwa yule mwenye viatu vyeupe na maneno mengi. Na dada aliyekaa pembeni akimalizia asaimenti kwa tochi ya simu atanyamaza, kwa sababu na yeye anao mfano wake.

Kauli hiyo nimeisikia kwa miaka mitatu sasa. Naipinga, ila sisemi kwamba ni uongo mtupu. Watu sumu wenye mvuto kweli wanapata wapenzi, tena haraka, tena wazuri. Ninachopinga ni ile sababu. Sijawahi kukutana na binadamu aliyekaa kitandani akawaza, "Ngoja nitafute wa kunitesa." Mtu anavutwa na kitu kizuri alichokiona kwa macho yake. Bahati mbaya ni kwamba kile kizuri na lile baya vinakaa kwenye mwili mmoja, na kizuri ndicho kinachotangulia kufika.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na mwenzangu wa chumbani. Nitamwita hivyo hivyo, kwani bado yupo chuoni na jina lake halina kazi kwenye jarida. Siku tunaingia hosteli, yule kaka wa mwaka wa tatu alimkuta kwenye ngazi akihangaika na godoro, ndoo na tranka. Alibeba tranka hadi ghorofa ya nne bila kuombwa. Kabla hawajafika juu alikuwa ameshamchekesha mara tatu. Alijua jina la mlinzi, alimjua mama wa chipsi, alijua mlango wa nyuma wa kumfikia mtu wa usajili bila kupanga foleni. Alipofika mlangoni akatuangalia wote, akasema, "Mtunzieni huyu," akaondoka bila hata kuomba namba. Bila kuomba namba, jamani! Chumba kizima tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Namba alipewa kesho yake. Niliyempa ni mimi.

Naandika makala hii kwa sababu ya ile namba.

Tuanze na tulikotoka, maana hatukudondoka chuoni kutoka mbinguni. Wengi wetu tumesoma bweni, miaka 4 au 6. Somo la mahusiano tulilopewa huko lilikuwa la sentensi moja: kaa mbali na wavulana. Matroni alilisema, mwalimu wa nidhamu alilisema, padri na ustadhi walilisema, na barua ya mapenzi ikikamatwa ilisomwa mstarini ili watu wacheke. Namna ya kumjua mtu polepole, kumpima, kumkatalia bila kugombana, hayo hayakuwemo kwenye ratiba. Halafu ghafla unashuka kwenye basi la mkoani, una simu, una kitanda, una bumu inayosubiriwa, na matroni hayupo. Tulijua kuikimbia hatari yenye sura ya hatari. Ile inayokubebea tranka hatukuambiwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kijiji walikuwa sahihi kabisa. Kijijini chema kina muda wa kujiuza: watu wanakujua tangu unachunga mbuzi, na posa ikija kuna shangazi atakayeulizia ukoo, ugomvi, madeni na hata aliyekuwa mchumba kabla yako. Kwetu hapa maelfu ya watu wasiojuana wanamwagwa sehemu moja ndani ya wiki moja, kila mtu amevaa nguo mpya, na shangazi yuko Sumbawanga. Kwenye soko la hivyo, anayejitembeza ndiye anayeuza. Chema kimejifungia chumbani kinapika wali maharage, kinasubiri kugunduliwa.

Hili si la kwetu tu, na kuna watu wamelipima. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Ujerumani, Mitja Back na wenzake, walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa saikolojia wa mwaka wa kwanza, siku ileile wanakutana kwa mara ya kwanza. Kila mmoja alisimama, akajitambulisha kwa ufupi, akakaa. Waliobaki wakaandika wanampenda kiasi gani. Wale ambao vipimo vya tabia vilionyesha wanajipenda kupita kiasi ndio waliopendwa zaidi. Walivaa vizuri, nyuso zao zilichangamka, mwili ulisimama kama wa mtu mwenye uhakika, utani ulitoka kwa wakati. Mpaka hapo hakuna cha kushangaza. Kilichonifanya nirudie kusoma ni kwamba, kati ya vipande vyote vya tabia ile, kilichovutia zaidi siku ya kwanza kilikuwa ndicho kibaya kuliko vyote baadaye: ile hali ya mtu kuamini anastahili zaidi ya wenzake, na kuwatumia watu kama ngazi.

Nikakumbuka ule mlango wa nyuma wa usajili. Siku ile tulimwona shujaa, amemwokoa mwenzetu na foleni ya saa 4 juani. Leo naona kitu kingine. Mtu anayekurusha foleni ni mtu anayeamini foleni ni za watu wengine. Siku ya kwanza wewe upo upande wake, unapita naye, unajisikia malkia. Siku yoyote anaweza kukuhesabu pamoja na hao wengine, na hakuna barua itakayotumwa kukujulisha.

Miaka 12 kabla ya Wajerumani hao, mwanasaikolojia wa Canada, Delroy Paulhus, alikuwa amewakutanisha wanafunzi katika vikundi vidogo, mara moja kwa wiki, kwa wiki 7. Wenye kujikuza kupita kipimo chao walionekana wachangamfu, wenye akili, wanaojiamini, katika mkutano wa kwanza. Kufika mkutano wa saba, vikundi vilevile viliwaona ni watu wa majigambo na ugomvi. Tabia zao zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni muda waliopewa wenzao wa kuwatazama. Wiki 7, wadau. Hapa kwetu wiki ya 7 watu wameshavaa sare, wameshaweka picha kwenye statasi, mama mdogo wa upande mmoja ameshapigiwa simu akasalimiwa.

Waliosoma riwaya ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972, wanamkumbuka Idi, kijana mtanashati anayempata Bahati kwa maneno matamu huku jicho lake liko kwenye mali ya mzee Mwinyi. Darasani tulimwandika Idi kuwa mhusika mwovu, tukapata alama zetu, tukamlaumu na Bahati kwa upofu wake. Ni rahisi. Msomaji anapewa kuona anachokitafuta Idi. Bahati anapewa maneno tu. Na sisi chumbani tulikuwa Bahati watano, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekishika kitabu.

Sasa tuingie kwenye sehemu ngumu. Sawa, mvuto wa siku ya kwanza tumeuelewa. Kwa nini mtu anabaki hata baada ya kuona? Hapo ndipo kaka zetu wa kimbweta wanaposhinda mjadala: "Si ameshajua ni mbaya? Mbona haondoki? Anapenda."

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa sherehe. Meseji ilikuwa inaingia kabla hatujaamka. Chipsi mayai zinaletwa mpaka getini, mbili, "moja ya wenzako." Halafu siku moja, kimya. Siku ya pili kimya. Tiki mbili za bluu na hakuna neno. Mwenzangu wa chumbani aliacha kula. Nilimkuta anapitia meseji zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, anatafuta ni wapi alikosea. Siku ya nne kaka akaibuka na juisi ya miwa na stori ndefu: simu ilikuwa mbovu, kuna mambo ya nyumbani, kwanza mbona yeye hakuja kumwangalia, angekuwa amekufa je? Mazungumzo yaliisha mwenzangu akiomba msamaha. Na usiku ule nilimwona ana furaha kuliko siku yoyote ya ile miezi miwili ya sherehe. Anaimba anaosha vyombo saa 5 usiku.

Hiyo furaha ndiyo ya kuichunguza, kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Fikiria bumu. Pesa ni yako, umesaini, na utaidaiwa ukishapata kazi. Ikiingia siku iliyopangwa unanunua unga, unalipa deni la mama ntilie, maisha yanaendelea. Ikichelewa wiki mbili, huku umekula mihogo mpaka umeuchukia, halafu mtu akapiga kelele korido nzima "Imesomaaa!", nani hajawahi kuruka juu? Watu wanakumbatiana na wasiowajua. Kiasi ni kilekile. Hawajaongeza hata shilingi. Lakini kitu chako mwenyewe, kikizuiwa bila taarifa na kurudishwa bila taarifa, kinageuka zawadi. Yule kaka alimrudishia mwenzangu kitu ambacho wiki moja nyuma kilikuwa cha kawaida, salamu ya asubuhi, na yeye akaimba.

B. F. Skinner na Charles Ferster waliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 1957, na wanaosoma saikolojia na ualimu wanalijua. Njiwa anayegonga kitufe na kupata punje kila mara, siku punje zikikoma anachoka mapema na kuachana nacho. Njiwa anayepata punje kwa kubahatisha, leo baada ya kugonga mara 5, kesho mara 60, huyo ataendelea kugonga na kugonga hata punje zikiwa zimekwisha kabisa. Kubahatisha ndiko kunakomfunga. Na kwa binadamu: mwaka 2011 watafiti walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walionyeshwa kurasa za Facebook za wavulana. Baadhi waliambiwa wavulana hao wamewapenda sana, baadhi waliambiwa wamewapenda kiasi, na baadhi waliambiwa haijulikani, huenda hivi huenda vile. Waliovutwa zaidi ni kundi la mwisho, na ndio waliokiri kuwafikiria wavulana wale mara nyingi zaidi. Kichwa kikikosa jibu kinaendelea kuzunguka palepale, na mwenye kichwa anasema, "Lazima nampenda, mbona simtoi akilini?"

Enyi kaka zangu wa kimbweta, kabla hamjacheka, toeni simu mnionyeshe mikeka. Kampuni ya kubeti imekula hela yako ya wiki, mkeka umechanika kwa timu moja dakika ya 89, na kesho saa 4 asubuhi umeshaweka mwingine. Mbona hakuna anayesema wanaume wanapenda kuteswa na kampuni za kubeti? Unasema, "Ilikuwa karibu." Mwenzangu wa chumbani naye alisema vivyo hivyo: alikuwa karibu kubadilika.

Hakuwahi kumpiga. Nalisema kwa sababu ndilo jibu tulilopewa tulipoanza kuingiwa na shaka: "Lakini hajanigusa hata siku moja." Yaani kipimo kimeshuka mpaka huko, kwamba asiyekupiga amekupenda. Alitaka neno la siri la simu yake, akaliita uaminifu. Alimchagulia nguo za kuvaa, akaita kujali. Alimtoa kwenye kundi la kujisomea kwa kuwa lina wanaume wawili, akauita wivu, na sisi chumbani, wasomi wa chuo kikuu, tukasema wivu ni dalili ya mapenzi. Testi ya takwimu ilimkuta amekesha nje ya hosteli ya wanaume akisubiri mtu ambaye alikuwa ndani muda wote, amelala. Semista ya pili alikuwa na sapu tatu. Moja haikutoka. Alirudia mwaka, mkopo ukasimama, na baba yake akauza ng'ombe.

Kuna jambo jingine, hili ni maoni yangu, sina utafiti wa kulibeba. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo upendo ulikuwepo lakini haukusemwa, na hali ya hewa ya nyumba ilipimwa kwa mlio wa pikipiki ya baba. Ukisikia inavyozimwa unajua leo ni siku gani. Akiwa na hasira, kila mtu chumbani kwake, redio chini. Akiwa na furaha, loo, kuna nyama, kuna utani, mnakaa mpaka saa 4, na unalala ukijua hakuna baba mzuri kama wako. Mtoto wa nyumba hiyo anajifunza kusoma sura ya mtu kabla hajajifunza kusoma herufi. Anajifunza pia kwamba hofu na upendo vinaingia kwa mlango mmoja. Akifika miaka 20 akakutana na mtu mtulivu, ambaye Jumatatu yake ni sawa na Alhamisi yake, anasema "hana mvuto." Akikutana na mwenye pikipiki, moyo unashtuka, na mshtuko ule anaujua, ameishi nao. Anasema, "Huyu ndiye, nahisi namfahamu siku nyingi." Kweli anamfahamu.

Siwatupii lawama baba zetu, wengi wao walilelewa kwa fimbo na kimya. Nasema tu kwamba mapigo ya moyo ni mashahidi wabovu. Yanadunda kwa mapenzi, yanadunda kwa woga, yanadunda pia msimamizi wa mtihani akisimama nyuma yako.

Na sisi watazamaji je? Mtu mwenye mvuto anahitaji ukumbi, na ukumbi ni marafiki. Yule kaka hakumtongoza mwenzangu peke yake, alitutongoza wote watano. Zile chipsi za pili zilikuwa zetu. Mwenzangu alipoanza kulalamika tulimwambia avumilie, "mwanaume mwenyewe ndo huyo, wenzako wanamtaka." Wakati huohuo kulikuwa na kaka wa kozi yake, mtaratibu, aliyekuwa anamletea nakala za vipindi alivyokosa. Tulimpa jina la utani ambalo sitaliandika, lakini maana yake ni boya. Akija getini tulikuwa tunacheka dirishani. Kwa hiyo wakati mwingine watu hawachagui aliye sumu kwa kupenda sumu. Wanamchagua aliyepigiwa makofi.

Hapo kaka wema watafurahi, ila wasubiri kidogo. Si kila anayejiita mwema ni mwema. Wapo ambao ni waoga tu, na uoga si wema, ni uoga. Wapo wenye daftari: nilikununulia soda, nilikusindikiza, nilikupigia pasi, mbona hunipendi? Huyo naye ana bei, tofauti yake na yule mwenye viatu vyeupe ni kwamba anauza kwa mkopo. Na wanaolia kwamba dada zao wa darasani hawaoni wema, wengi wao ukiwauliza wanampenda nani, watakutajia yule dada mrembo kuliko wote anayewadharau kuliko wote. Naye hawajazungumza naye mara saba.

Maana sumu haina jinsia. Kuna mshkaji wangu mmoja, nitaomba radhi nikimaliza kuandika, aliyeshikwa na dada mmoja kwa sentensi moja: "Wewe ndiye mtu pekee unayenielewa." Sentensi hiyo ilikuwa inakuja kila dada akigombana na mpenzi wake halisi. Jamaa alikuwa anaacha chakula mezani. Alimwandikia asaimenti tatu, akamgawia nusu ya bumu, akamsikiliza usiku kucha. Mambo yakitulia upande wa pili, dada anampita kwenye korido kama nguzo ya umeme. Hakuna aliyemwambia mshkaji "wanaume wanapenda kuteswa." Tulimwambia "pole, mapenzi bwana." Angalia tunavyogawa lawama.

Diane Felmlee, mwanasosholojia wa California, aliwauliza wanafunzi wapatao 300, kwenye utafiti wa 1995, kuhusu mahusiano yao yaliyokwisha: kilikuvutia nini mwanzoni, na kilikuchosha nini mwishoni? Kwa karibu watatu kati ya kumi, jibu lilikuwa sifa moja inayoangaliwa kwa pande mbili. Anajiamini amegeuka ana kiburi. Mcheshi amegeuka hachukulii kitu chochote kwa uzito. Nilipolisoma hilo niliacha kumuuliza mwenzangu "hukuona?" Aliona. Aliona vizuri sana kitu kilekile tulichokiona sote, ila alikuwa amesimama upande wa mbele.

Watu wakiniuliza sasa wafanye nini, huwa sina orodha. Ile mikutano saba ndiyo ninayoiamini, kwa maana ya kutofanya haraka na kumwona mtu mahali ambapo hana mtazamaji: anavyomwambia mama ntilie akikosea chenji, anavyokaa kwenye daladala mzee akiingia, anavyokuwa siku bumu imekwisha. Na kitu kimoja nilichojifunza kwa gharama ya mwenzangu, kukataa jambo dogo mapema. Dogo kabisa. "Leo siji, nina testi kesho." Halafu tulia uangalie. Mtu wa kawaida atasikitika kidogo, atasema sawa, kesho yake atauliza testi ilikuwaje. Yule mwingine utamjua, hata kama hapazi sauti. Atanyamaza siku tatu. Au atakuja na zawadi kubwa kuliko kosa. Au utajikuta unaomba msamaha kwa kwenda kusoma. Yule kaka aliambiwa hapana ya kwanza wiki ya 9, na mpaka hapo alikuwa na neno la siri.

Kama tayari umo ndani, sitakuambia "ondoka" kana kwamba ni kushuka kituo kinachofuata. Njiwa hasikii mantiki. Ila mwambie mtu mmoja, mtu asiyekula zile chipsi. Dawati la jinsia lipo, washauri wa wanafunzi wapo, na ukiona aibu kwenda peke yako, nenda na rafiki mkasema mmekuja kuuliza habari za mwenzenu. Hakuna anayekagua.

Mwenzangu wa chumbani yuko mwaka wa pili, sisi tunamaliza. Tulihamia hosteli tofauti lakini Jumapili tunapika pamoja. Juzi aliniambia kuna kaka wa maktaba, yaani si mfanyakazi wa maktaba, ni mtu anayekaa meza ya pembeni yake, ambaye amekuwa akimsalimia. "Mtu mzuri," akasema huku anakatakata vitunguu, "lakini sijui, nikiwa naye sisikii kitu."

Nikamuuliza, husikii kitu, au husikii woga? Akanitazama na macho yake ya vitunguu, akasema nimeanza ushauri wangu wa kulipia. Tukacheka. Sikusukuma zaidi, mimi ndiye niliyetoa namba ile mara ya kwanza na sina cheti cha kumchagulia mtu.

Lakini wiki hii wamekunywa chai pamoja tena. Kwa hesabu yangu hiyo ni mara ya nne.